Ufagio Juu ya Mwaloni

Mwaloni bila shaka umeusoma katika Biblia, ingawa huenda hujapata kuuona. Huko California, Marekani, miti hiyo ilikuwa mingi hata mji wa Oakland ukapewa jina lake. Mwaloni wa pwani ya huko haupukutishi majani yote kwa pamoja, nao waweza kuishi zaidi ya miaka 200.

Sasa fikiria mwenye nyumba wa huko akiinua macho na kuona, katikati ya matawi mazuri, kishada cha vijiti vifupi, vinene, vilivyosongamana kama ufagio. Majani yake ni madogo, meupe kana kwamba yamenyunyiziwa unga wa ngano. Baadaye hukauka yakawa kahawia. Watu wa Ulaya ya kale walipoona vishada vya aina hiyo mitini walisema ni kazi ya wachawi. Jina la ufagio wa mchawi lingaliko hadi leo.

Mchawi mwenyewe ni kuvu, ambayo wataalamu huiita Cystotheca lanestris. Ni ya jamii ya ubwiri unga, ile ile yenye ndugu wanaosumbua mikorosho ya Pwani yetu. Husafiri kwa upepo, nayo hufyonza chakula kwenye mmea ulio hai. Ipendacho hasa ni machipukizi mororo. Chipukizi likivamiwa, ukuaji wake huvurugika, na badala ya tawi moja hutokea kishada.

Hapo wengi hukimbilia msumeno, mbolea na mpira wa maji. Kumbe ndipo wanapokosea! Mwaloni huo umezoea kiangazi kikavu. Ukiupogoa wakati huo na kuunywesha kupita kiasi, utachipua upya, nawe utakuwa umeiandalia kuvu karamu. Tena ufagio ni nadra kuua mti, lakini maji mengi ya kiangazi huweza kuozesha mizizi, na hilo huua.

Dawa ni subira. Ngoja majira ya baridi, mti ukiwa umepumzika, ndipo ukate vishada hivyo.

Nawe wa jijini, waridi lako likivaa unga mweupe, jiulize kwanza: je, sijalizidishia mbolea? Haraka haraka haina baraka, hata bustanini.