Namba ya Kubahatisha Siyo Namba ya Kuiba

Wanachuo wenzangu, tuanze na swali. Mtu akinunua kadi yenye namba feki ili apate kazi, halafu ikagundulika kwamba namba ile ina mwenyewe, je, amemwibia mtu?

Ignacio Flores-Figueroa, mhamiaji kutoka Meksiko, alikutana na swali hilo mahakamani. Mwaka 2006 alimpa mwajiri wake, kiwanda cha chuma jimboni Illinois, kadi zenye jina lake halisi lakini namba za watu wengine. Marekani ina sheria ya mwaka 2004 kuhusu wizi wa utambulisho: ukitumia utambulisho wa mtu mwingine katika makosa fulani, yakiwemo ya uhamiaji, unaongezewa miaka 2. Hakuna kifungo cha nje, na miaka hiyo haiendi sambamba na adhabu ya kosa lile la kwanza.

Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ikasema kwa kauli moja: lazima ithibitishwe kwamba mshtakiwa alijua namba ile ni ya mtu halisi. Mwaka 2023, katika kesi ya Dubin, ikabana zaidi: matumizi ya utambulisho lazima yawe ndiyo kiini cha jinai yenyewe, siyo jambo la pembeni.

Mimi nasema mahakama ilipatia. Angalia yaliyotokea Postville, Iowa, Mei 2008. Wafanyakazi karibu 390 wa kiwanda cha nyama walikamatwa siku moja. Wengi walitishiwa shtaka hili la miaka 2, wakaona bora wakubali kosa dogo na kufungwa miezi 5. Hapo sheria haikuwa inamlinda mwenye namba, ilikuwa fimbo ya kuharakisha kesi.

Najua kuna atakayeuliza: na yule mwenye namba, anayeletewa deni la kodi la mshahara asioujua? Kweli anaumia, tusimpuuze. Lakini kutumia nyaraka za uongo ni kosa tayari, na lina adhabu yake. Miaka 2 ya ziada ni ya mwizi, na mwizi ni yule anayejua kwamba anachochukua kina mwenyewe.

Sisi tunaosomea ualimu tunafundishwa kutofautisha mwanafunzi aliyekosea na aliyeibia mtihani. Wote wanakosa alama, ila huwezi kuwafukuza shule wote wawili. Sheria nayo ikishindwa kuona tofauti hiyo, basi inaadhibu bahati mbaya.