Tusimzike Baba pamoja na Kicheko Chake

Katika matanga mengi tunayohudhuria siku hizi hapa Bukavu, maisha ya marehemu husomwa kutoka karatasi moja: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alioa, ameacha watoto kadhaa na wajukuu kadhaa. Msomaji akimaliza, mgeni ambaye hakumjua marehemu huondoka hajamjua bado. Baba yetu alipofariki, wakubwa wa ukoo walitaka karatasi ya namna hiyo. Tulipoomba yatajwe pia maneno yake ya kuchekesha, tulijibiwa kwamba maiti hachekwi. Jibu hilo lilitoka katika heshima, nasi tunaiheshimu. Lakini hatukutaka kumcheka baba. Tulitaka kucheka naye, kama tulivyozoea.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na jina lake la ubatizo lilikuwa la yule mkuu wa Mitume. Mwaka 1972 serikali ya Zaire ilikataza majina ya Kikristo, kila raia akatakiwa kuchukua majina ya mababu. Miaka hiyo hiyo wanaume waliacha koti na tai, wakavaa abakosti. Mama husimulia kwamba baba alirudi nyumbani na kitambulisho chake kipya, akakiweka mezani, akasema: "Mtume yule alimkana Bwana. Leo mimi nimeambiwa nimkane Mtume. Basi tungoje jogoo." Neno kama hilo, wakati ule, lingeweza kumfikisha mtu pabaya. Lilisemwa kwa sauti ya chini, likakaa ndani ya nyumba miaka 18. Tarehe 24 Aprili 1990, Rais Mobutu alipotangaza mwisho wa utawala wa chama kimoja na tai zikaruhusiwa tena, sisi tulikuwa vijana wa rika lenu. Baba alisikiliza redio mpaka mwisho, akatoka uani, akawika. Mwalimu mzima, mwenye mvi, aliwika mara mbili, kama alivyoandika Marko. Jirani alikuja kuuliza kama kuku wetu wameshikwa na ugonjwa.

Miaka iliyofuata haikuwa ya kuchekesha. Fedha ilipoteza thamani, mshahara wa walimu ukakawia miezi na miezi, na wazazi wa wanafunzi wakalazimika kuchanga ili madarasa yasifungwe. Tulipomwuliza baba mshahara utakuja lini, alijibu kwamba hakuna ajuaye siku wala saa; kazi yetu ni kukesha. Tuseme kweli: hatukucheka kila mara. Mzaha haujazi sufuria. Lakini tuliona kwamba mtu anayeweza kuitania njaa yake hajawa mtumwa wake, na kwamba mama, aliyejua kuliko sisi kilichobaki ghalani, ndiye aliyecheka wa kwanza.

Ndugu yetu mdogo alipokuwa na miaka kumi hivi, alichezea mpira hadi giza likaingia, na maji hayakuchotwa. Tulingoja fimbo. Baba alisimama, akampa mkono, akamkalisha katika kiti cha wageni. "Karibu, mgeni wetu. Wa kwenu hawajambo? Utuwie radhi, chakula kimechelewa. Tuna mtoto wa umri wako, hajarudi, na hatuwezi kula bila yeye." Mtoto alianza kucheka, akamaliza kwa kulia, kisha akachukua dumu bila kuambiwa. Tumesomea ualimu, tumesoma vitabu vya malezi. Hatujakuta humo adhabu iliyomrudisha mtoto nyumbani kwa upole kama ile.

Vijana wapenzi, wengine wenu watasema kwamba ninyi pia mnajua kuchekesha, na simu zenu zimejaa ushahidi. Tunakubali, ila angalieni anayechekwa ni nani. Baba alijicheka yeye mwenyewe, aliucheka umaskini wake, na wenye nguvu aliwacheka kwa tahadhari. Kilema, mgeni asiyejua lugha, mwanafunzi aliyeshindwa mtihani: hao hatukumsikia akiwagusa hata siku moja. Wala hatutetei wale wanaokuja matangani wamelewa, wakaimba matusi mbele ya wafiwa. Wazee wanapoogopa kicheko penye msiba, mara nyingi ni hao wanaowaogopesha.

Katika ugonjwa wake wa mwisho, padri alipokuja kumpa Mpako wa Wagonjwa, baba alifumbua jicho moja akasema: "Padri, punguza mafuta, nisije nikateleza mlangoni." Hilo ndilo neno ambalo wakubwa hawakutaka lisikike. Usiku wa pili wa matanga alilisema mama mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kumnyamazisha mjane. Watu walicheka, na dada yetu mkubwa, ambaye tangu kifo kitokee alikuwa amekauka macho, ndipo alipoweza kulia. Kisha mzee yule yule aliyetukataza alikohoa, akasema: "Hawa watoto hawajui bado habari ya baiskeli." Hatukuijua kweli. Tulikesha tukimsikiliza.

Waulizeni wazee wenu mambo kama hayo wangali hai, tena kabla hawajachoka. Mnaweza kuanza na mwaka 1972: wengi wana la kusimulia, na huenda mmoja wao akafungua sanduku awaonyeshe tai aliyoificha.