Mji unaosomwa kutoka angani
Tangu Marekani iliporusha setilaiti ya kwanza ya mfululizo wa Landsat mwaka 1972, ardhi imekuwa ikipigwa picha kutoka angani mwaka baada ya mwaka, na tangu 2008 hazina hiyo hutolewa bila malipo. Katika picha zilizopatikana kuanzia miaka ya 1980, kila pikseli, yaani chembe ndogo kabisa ya picha, huwakilisha mraba wa ardhi wenye upande wa mita 30, hivyo mtaalamu anayelinganisha miaka huona mahali ambapo minazi na mikorosho imegeuka mabati na lami. Dar es Salaam, iliyokuwa na watu wapatao milioni 2.5 katika sensa ya 2002 na milioni 5.4 katika ile ya 2022, huonekana ikijinyoosha kama vidole kandokando ya barabara za Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa, kisha nafasi baina ya vidole hivyo ikijaa nyumba. Ni kweli kwamba mawingu ya pwani huuficha mji, na udongo mtupu hufanana na paa; lakini ujenzi ulioteremka hadi bonde la Msimbazi, ambalo hufurika mara kwa mara, hauhitaji jicho la mtaalamu. Mamlaka za upangaji miji zizitazame picha hizi kabla viwanja havijauzwa, si baada ya mafuriko.