Mwalimu Asiyeweza Kueleza Nusu

Twawaomba radhi tangu mwanzo wenzetu wa idara ya hisabati, kwani leo tunaingia nyumbani mwao bila hodi. Kuna jambo tumelinyamazia muda mrefu, na kunyamaza kwetu sasa kwafanana na kushiriki.

Miaka michache iliyopita, hapa Uganda, tulitumwa kumkagua mwanachuo mmoja wa ualimu katika mazoezi yake ya kufundisha. Darasa lilikuwa la sita, somo sehemu. Akaandika ubaoni: 1¾ ÷ ½. Akasema, "Geuza ya pili, kisha zidisha." Watoto wakageuza, wakazidisha, wakapata 3½, na vichwa vikainama juu ya madaftari. Ndipo msichana mmoja wa nyuma aliponyosha mkono na kuuliza mbona wamegawanya na jibu limekuwa kubwa kuliko kile walichokigawanya. Mwalimu akatazama ubao, akatazama saa, akajibu, "Ndiyo kanuni. Nakili." Mtoto akanakili.

Nasi tulimpa kijana yule alama nzuri. Mwandiko wake ulikuwa safi, sauti yake ilisikika, chati zake zilipendeza, na somo lilimalizika kwa wakati. Fomu ya ukaguzi ilikuwa na nafasi ya mambo hayo yote. Nafasi ya swali la yule msichana haikuwamo. Hatujasahau jambo hilo, wala hatupendi kulisahau.

Tuliporudi chuoni tukawapa wanachuo wetu wa Kiswahili insha moja tu: mweleze mtoto, kwa maneno na bila kanuni, maana ya kugawanya moja na robo tatu kwa nusu. Manung'uniko yalikuwa mengi. Wengi walituletea hadithi ya mama mwenye mikate, anayeigawa nusu kwa nusu baina ya watoto wawili. Hadithi tamu, ila si jibu. Kugawa kitu nusu kwa nusu ni kukigawanya kwa mbili, ilhali kugawanya kwa nusu ni kuuliza nusu ngapi zimo ndani yake. Mwenye kilo moja na robo tatu za sukari, akiipima katika vifuko vya nusu kilo, atajaza vifuko vitatu na kubakiwa na robo kilo, ambayo ni nusu ya kifuko. Hiyo ndiyo tatu na nusu. Jibu limekuwa kubwa kwa sababu tunahesabu vifuko, wala si kilo tena. Maelezo haya hayahitaji ubao wala chuo kikuu. Yanahitaji mtu aliyefahamu, na lugha iliyonyooka.

Asije mtu akasema kwamba huo ni udhaifu wa vijana wetu peke yao. Mtafiti Liping Ma, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1999, alilinganisha majibu ya walimu wa shule za msingi 23 wa Marekani na 72 wa China kwa swali la hesabu hii hii. Wamarekani 9 tu ndio waliofikia jibu kamili, na kati ya wote 23 ni mmoja aliyeweza kutunga hadithi inayolingana na hesabu yenyewe. Wachina wote 72 walikokotoa sawasawa, na 65 wakatunga hadithi sahihi. Wamarekani hao aghalabu walikuwa wamesoma miaka 16 hadi 18. Wachina walikuwa na miaka 11 au 12 tu: madarasa tisa, kisha chuo cha ualimu. Tofauti, asema Ma, ni kwamba walimu wa China waliijua hisabati ya watoto kwa undani, na waliendelea kuichimba pamoja na wenzao baada ya kuajiriwa, kitabu cha darasa mkononi.

Sasa sisi hapa tunafanya nini? Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 imeagiza kwamba kila mwalimu, hata wa madarasa ya chini, awe na shahada. Msomaji asidhani twaona kijicho kwa kuwa sisi wenyewe tuna diploma. Shahada ni kitu chema, na mwalimu wa msingi amedharauliwa kupita kiasi. Lakini miaka zaidi ya kugeuza na kuzidisha haimfikishi mtu kwenye maana. Mwanachuo atasomeshwa aljebra ya juu, atasomeshwa nadharia za malezi, kisha atarudi mbele ya yule msichana na kumwambia, "Ndiyo kanuni."

Wapo wanaotuuliza haya yanamhusuje mwalimu wa lugha. Yanamhusu sana! Mtoto anafundishwa kutoa 38 katika 52, na anaambiwa mbili "ikakope" kwa jirani. Kukopa gani huku kusikolipwa? Mtoto mwenye akili atangojea siku ya kulipa, na haitafika. Sokoni hakuna anayesema hivyo. Mwenye noti ya elfu kumi anayetaka kununua kitu cha elfu tatu huivunja noti yake ikawa noti kumi za elfu moja moja. Mali ni ile ile, imebadili umbo tu. Basi na katika 52, kumi moja yavunjwa ikawa mamoja kumi. Twabaki na makumi manne na mamoja kumi na mawili, na kazi yaendelea. Neno moja lafunga mlango, neno jingine laufungua, na wa kulichagua ni nani kama si sisi?

Wenzetu wa Tanzania walikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967, wakapata maneno ya kazi hiyo. Namba ya chini ya sehemu huitwa asili, na ya juu huitwa kiasi. Asili yatuambia vipande ni vya namna gani, kiasi chatuambia ni vingapi. Mwanachuo aliyeyatafakari maneno hayo mawili hatajumlisha nusu na theluthi akapata mbili ya tano, kwa kuwa asili zake ni mbalimbali na lazima kwanza zifanywe moja. Lakini tumewaona walimu wa Kiswahili wanaoyakaririsha maneno haya kama msamiati wa mtihani, bila kuuliza yanasema nini. Hapo kosa ni letu, si la idara ya hisabati.

Twataka jambo moja, na twalitaka katika mtihani wa mwisho wa ualimu, kwa sababu kisichotahiniwa vyuoni hakisomwi. Liwekwe swali la kueleza, lijibiwe katika lugha ambayo mwanachuo ataifundishia, na lisahihishwe na watu wawili, wa hisabati na wa lugha, wakiwa wameketi meza moja. Jibu lililo sahihi kwa tarakimu na bubu kwa maneno lisipewe zaidi ya nusu ya alama. Swali la kwanza twalitoa sisi, nalo si letu: "Mwalimu, tumegawanya, mbona jibu limekuwa kubwa?"