Elimu ya Jamii Haimngoji Mwenye Uzamivu

Iko itikadi moja iliyoota mizizi katika vyuo vikuu vyetu, ikashikwa na walimu na wanafunzi kwa pamoja, hata wazazi wakaikubali bila ya kuihoji, nayo ni kwamba kijana anayesoma shahada ya kwanza katika idara za historia, sosholojia, siasa au taaluma za maendeleo hana analoweza kuliongeza katika elimu. Kwamba kazi yake ni kupokea, kuhifadhi, na kurudisha siku ya mtihani kile alichopewa. Na kwamba haki ya kusema jambo jipya juu ya jamii humjia mtu pamoja na joho la uzamivu, wala si kabla yake. Wengi huipenda itikadi hii kwa kuwa inafanana na unyenyekevu. Mimi naiona kuwa ni batili, tena batili yenye madhara, na ushahidi wa ubatili wake uko hapa hapa kwetu.

Madhara yake huonekana mapema. Kijana huingia chuoni, na kabla hajaijua vyema njia ya kwenda maktaba, wenzake huwa wamekwisha kumwonyesha duka la kutolea kopi ambako madesa ya kila somo yamepangwa kwa namba ya kozi, mengine yakiwa ni mwandiko wa mtu aliyehitimu zamani, yamenakiliwa na kunakiliwa hata herufi zimefifia. Humo mna fasili ya jamii, aina za nadharia, faida sita na hasara nne za jambo fulani, na kwa hayo atafaulu, maadamu maswali ya mtihani nayo yanatoka humo. Simlaumu kijana huyo hata chembe, kwani ametambua kwa akili yake timamu kile anachotakiwa, naye anakitoa. Lawama ni ya yule aliyemtaka hicho na asimtake kitu kingine.

Maradhi haya si mageni katika ulimwengu wa elimu. Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, ambaye wanazuoni wengi humhesabu kuwa miongoni mwa waasisi wa elimu ya jamii, aliandika Mukadima yake mwaka 1377 baada ya miaka mingi ya kuwatumikia watawala wa Maghribi na Andalusia na kuchanganyika na makabila ya bara, na humo alisema wazi kwamba wingi wa vitabu vya muhtasari ulikuwa ukiidhuru elimu. Aliwataja pia wanafunzi waliomaliza sehemu kubwa ya umri wao wakihudhuria darasa kimya, hawasemi wala hawajadiliani, wakishughulika na kuhifadhi kupita haja, na mwisho wake wakatoka bila ya uwezo wa kuitumia elimu wala kuifundisha. Huko Morocco, alieleza, muda wa kukaa madrasani ulikuwa miaka 16, ilhali Tunis ulikuwa miaka 5, na urefu ule hakuuona kuwa ni fahari, bali aliuhesabu kuwa ni dalili ya mafundisho mabovu. Dawa aliyoitaja ni ulimi wa mwanafunzi kufunguliwa katika majadiliano. Karne sita na zaidi zimepita, nasi bado tunampima kijana wa sosholojia kwa ukimya wake.

Sasa natutazame Mlimani, Dar es Salaam, mwaka 1968. Chuo kilikuwa bado kichanga; kilifunguliwa mwaka 1961 kwa kitivo kimoja tu cha sheria, na mwaka huo wa 1968 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Habari za Vita vya Maji Maji, vilivyopiganwa kuanzia 1905 hadi 1907, zilikuwa zimeandikwa kwa sehemu kubwa na maofisa wa Kijerumani na wamisionari, yaani watu walioitazama vita ile wakiwa upande wa pili wa bunduki. Idara ya historia, ambamo John Iliffe alikuwa akifundisha, na Gilbert Gwassa akiwahoji wazee wa Umatumbi kwa utafiti wake mwenyewe, ikaamua jambo ambalo leo lingeonekana kuwa ni ujasiri wa kupindukia: wanafunzi wa shahada ya kwanza waliotoka kusini walitumwa kurudi makwao wakati wa likizo, wakae na wazee walioishuhudia vita au waliosimuliwa na walioishuhudia, wawasikilize kwa lugha zao, waandike, na kazi zao zisomwe chuoni kama kazi za utafiti. Kuanzia Kilwa na Liwale hata Songea na Mahenge vijana wale walikwenda, na mwaka 1969 karatasi zao zikakusanywa pamoja.

Ndugu msomaji, naomba uipige hesabu hii nyepesi. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 15 siku vita vilipoanza kwa kung'olewa pamba kule Nandete mwaka 1905, alikuwa na miaka 78 vijana wale walipobisha hodi kwake. Lau idara ingaliishika itikadi ninayoipinga, ikawaambia vijana wasubiri wapate kwanza shahada ya pili, kisha ya tatu, kisha wapate fedha za utafiti, wangalifika kusini wakiwa na vyeti vyote na wasimkute wa kumwuliza. Elimu ile ilipatikana kwa sababu ilichumwa na watu wasiokuwa bado na sifa. Wala ukosefu wao wa sifa haukuwa pengo lililovumiliwa kwa shida ya wakati, kwani kijana aliyerudi kijijini kwake alikuwa na vitu ambavyo profesa mgeni hakuwa navyo: alijua kumwamkia mzee kwa amkio linalompasa, alijua ukoo upi ulikosana na upi, alijua jambo gani halisemwi mchana, na mzee alimjibu kama anavyomjibu mjukuu wake. Katika simulizi zilizopatikana miaka ile zilisikika habari za mashamba ya pamba ya lazima, za viboko, za malipo duni kiasi cha watu kuyakataa, na za neno la siri lililopitishwa mlango hata mlango kabla ya risasi ya kwanza. Wajerumani walikuwa wamekadiria kwamba waliokufa ni 75,000. Gwassa, baada ya kupima athari za njaa iliyoletwa kwa makusudi na majeshi, alisema walikuwa kati ya 250,000 na 300,000.

Atatokea mwenye kunijibu kwamba kazi za wanafunzi wale zilikuwa na kasoro, na mimi sibishi. Zilibeba shauku ya taifa jipya lililokuwa likitafuta mizizi yake, na shauku hiyo iliwafanya waione Maji Maji kuwa ni vita moja ya umoja mahali ambapo pengine palikuwa na vita vingi vya wenyeji kwa wenyeji. Wanahistoria waliokuja baadaye, mathalan Jamie Monson na Thaddeus Sunseri, wameisahihisha picha hiyo kwa makini. Lakini angalia walichokitumia katika kuisahihisha: pamoja na nyaraka nyingine, walirejea kwenye karatasi zile zile za wanafunzi, kwa kuwa ndani yake sauti za wazee zilikuwa zimehifadhiwa, na sauti hizo zilisema mengi kuliko tafsiri iliyowekwa juu yake. Kazi ambayo miaka 30 baadaye inaweza kumpa mpinzani wake hoja za kuipinga, hiyo ni kazi ya elimu kwa kila kipimo ninachokijua.

Mlimani huo huo mwaka 1969 wanafunzi walianzisha jarida lao, Cheche, na mwezi wa Septemba 1970 likatoa makala ndefu ya Issa Shivji, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka katika shahada yake ya kwanza ya sheria, juu ya mapambano ya kitabaka yaliyokuwa yakiendelea kimya kimya nchini. Walimu waliokuwa pale, Walter Rodney, John Saul na Tamás Szentes, hawakumwuliza ana shahada ngapi. Walichukua kalamu wakaijibu hoja, na mwaka 1973 Tanzania Publishing House ikachapisha makala ile pamoja na majibu yao katika kitabu kimoja. Serikali ilikwisha kulipiga marufuku jarida mwishoni mwa 1970. Serikali haipigi marufuku desa.

Nije kwenye siku zetu hizi. Nimewahi kusahihisha tasnifu ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu juu ya vikoba, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Kurasa za mwanzo zilieleza dhana ya mtaji wa kijamii kwa kumtegemea Robert Putnam wa Marekani. Likafuata dodoso, yakafuata majedwali ya asilimia, kisha mapendekezo kwa serikali. Nilipomwita kuzungumza naye nikamwuliza namna alivyokichagua kikundi kile, akanijibu kwa sauti ya chini kwamba mama yake ni mmoja wa washika funguo. Aliyewahi kuhudhuria kikao cha kikoba anajua kwamba sanduku lina kufuli tatu, na kila ufunguo hukaa kwa mwanachama mwingine, ili asiwepo awezaye kulifungua peke yake. Basi kijana huyu alikuwa amekua akimwona mama yake akiuficha ufunguo ule. Aliwaona majirani wakija usiku kuomba wakopeshwe nje ya utaratibu. Alimjua aliyetozwa faini ya kuchelewa na aliyesamehewa, na sababu ya kila mmoja. Hakuna hata moja katika hayo lililokuwamo katika tasnifu yake, kwa kuwa alikuwa amefundishwa kwamba hayo ni mambo ya nyumbani, na elimu iko kwa Putnam.

Nikamweleza kwamba Putnam mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1993 juu ya Italia, ameegemeza sehemu ya hoja yake juu ya vyama vya watu wanaochangishana na kupokea kwa zamu, yaani upatu wetu huu wenye kijumbe wake, na kwamba Clifford Geertz alikwisha kuuandikia mtindo huo mwaka 1962 kutokana na aliyoyaona Java na aliyoyasoma ya Asia na Afrika. Wanawake wa mitaa na vijiji kama mama yake ndio waliowapa wanazuoni hao mali ya kufanyia kazi. Nadharia ikatungwa mbali, kisha ikarudi kwa mtoto wa mwenye mali kama kitu kigeni cha kuhifadhiwa kwa mtihani. Aliirudia kazi ile tangu mwanzo. Putnam alibaki humo, ila safari hii alihojiwa, kwa kuwa imani anayoisifu katika vyama hivyo ilikuwa, katika kikoba kile, imelindwa kwa kufuli tatu.

Najua kipingamizi cha mwisho, nacho ni cha haki: madarasa yamefurika, na mwalimu mmoja mbele ya mamia ya vijana hawezi kusoma utafiti wa kila mmoja. Hawezi kweli. Lakini semina zimo katika ratiba, na wahadhiri wasaidizi wapo wa kuziongoza, na aghalabu saa zile hutumika kurudia mhadhara ule ule kwa sauti nyingine. Fauka ya hayo, mamia hao wametoka katika mamia ya vijiji na mitaa, wana lugha zao na ndugu zao huko, jambo ambalo hakuna mradi wa wafadhili unaoweza kulinunua.

Kazi ya kuwapa ipo. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kufikia mwisho wa 1976 mamilioni ya Watanzania walikuwa wamehamishwa. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1974 leo amepita 70. Anaikumbuka nyumba aliyoiacha, na miti iliyobaki nyuma, na nani alikuja na lori, na mavuno ya mwaka ule yaliishia wapi. Na mjukuu wake amekaa katika ukumbi wa mihadhara akinakili sababu nane za kushindwa kwa vijiji vya Ujamaa. Mwalimu wake na amwambie, kabla ya likizo ndefu, kwamba atakachokisikia kwa bibi yake, bibi akiridhia, kitasomwa katika semina muhula ujao, kitahojiwa na wenzake, na kikisimama kitawekwa maktabani kwa majina ya wote wawili.