Uchambuzi: Mizani haioni kitambi, futi kamba inaona

WANAUME wawili wenye urefu wa sentimita 170 na uzito wa kilo 72 wakipanda juu ya mizani ya kijana anayepima watu kando ya barabara jijini Dar es Salaam, wataondoka na jibu moja. Uwiano wao wa uzito na urefu, maarufu kama BMI, ni 24.9. Uko chini kidogo ya 25, ambapo Shirika la Afya Duniani (WHO) linaanza kuhesabu uzito uliozidi. Wote wataambiwa wako salama.

Lakini tuseme mmoja ana kiuno cha sentimita 78 na mwenzake 96. Huyu wa pili amebeba mafuta mengi tumboni, yanayozunguka ini na matumbo, na hayo ndiyo yanayohusishwa zaidi na kisukari cha aina ya pili na maradhi ya moyo. Mizani haikumweleza lolote. Amelipa, ameshukuru, amekwenda zake kula chipsi.

Kasoro hiyo si ngeni. Kanuni ya BMI ilitokana na kazi ya Adolphe Quetelet, mwanahisabati wa Ubelgiji, katika miaka ya 1830. Hakuwa daktari, na alichotafuta ni umbo la mtu wa wastani katika jamii, si afya ya mtu mmoja mmoja. Jina BMI lenyewe lilikuja mwaka 1972, kupitia Ancel Keys wa Marekani. Kwa kanuni hiyo, askari mwenye misuli mizito anaweza kuitwa mnene, na karani mwembamba wa mikono mwenye kitambi akapita bila kuulizwa.

Kujua mafuta kwa uhakika zaidi kunahitaji maabara: kumpima mtu akiwa amezamishwa majini, au kumpitisha katika mashine maalumu ya eksirei. Kwa kuwa si kila zahanati inaweza kumudu hayo, watafiti wamekuwa wakitafuta njia ya mkato. Mwaka 1974, Durnin na Womersley wa Glasgow, Scotland, walitumia koleo kupima unene wa mikunjo ya ngozi kwa watu 481, wakapata kanuni ya kukadiria mafuta. Jeshi la Wanamaji la Marekani likachukua njia ya futi kamba: shingo na tumbo kwa wanaume, na nyonga ikaongezwa kwa wanawake.

Njia rahisi kuliko hizo ilitangazwa mwaka 2018 na watafiti Woolcott na Bergman wa Los Angeles. Gawanya urefu kwa mzingo wa kiuno, zidisha kwa 20, kisha toa jibu hilo kwenye 64 kwa mwanaume au 76 kwa mwanamke. Kinachobaki ni makadirio ya asilimia ya mafuta mwilini. Wale wanaume wetu wawili sasa wanatengana: wa kwanza ana takribani asilimia 20, wa pili karibu 29.

Hata hivyo, haya ni makadirio, na yanamhusu mtu mzima mwenye afya, si mjamzito wala mtoto. Mahali pa kupitisha futi nako kuna utata. WHO inaelekeza katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ilhali kanuni ya Los Angeles ilijengwa kwa vipimo vya juu ya mfupa wenyewe. Kwa mtu wa urefu huo mwenye kiuno cha sentimita 90, kukosea sentimita tatu tu kunabadili jibu kwa zaidi ya asilimia moja. Na wapo wanaovuta pumzi kuficha tumbo, kana kwamba daktari ni mpiga picha!

Linalogusa zaidi wasomaji wa hapa ni suala la miili iliyotumika. Kanuni ya 2018 ilitokana na takwimu za Wamarekani, wakiwamo wenye asili ya Afrika. Aidha, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari (IDF) lilipopanga viwango vya kiuno mwaka 2005, Waafrika wa kusini mwa Sahara walielekezwa kutumia vya Wazungu, sentimita 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake, hadi takwimu zao zipatikane. Kwa maneno mengine, tuliazimwa nguo ya jirani huku yetu ikisubiri kushonwa. Waasia, kwa upande wao, walitengewa vipimo vyao.

Kigezo kisichotegemea sana asili ya mtu ni kile kilichopitishwa mwaka 2022 na taasisi ya NICE inayotoa miongozo ya tiba Uingereza: kiuno kisifikie nusu ya urefu. Hakihitaji hata futi. Kata uzi sawa na urefu wako, ukunje mara mbili, uuzungushe kiunoni. Kwa mwanaume wetu wa pili, uzi huo una sentimita 85. Ncha zake hazitakutana, zitabakisha pengo la sentimita 11, ingawa kikaratasi cha mizani mfukoni mwake bado kinasema yuko sawa.