USIUZE RAM KWA GB PEKE YAKE

Ndugu zangu tunaouza vifaa vya kompyuta mtandaoni, tuambizane ukweli. Tangazo la "RAM 4GB, bei poa, njoo inbox" halijamsaidia mteja. GB ni ukubwa tu. Kinachoamua kama itaingia na kuwaka ni aina yake.

Chukua mteja wa Kansay mwenye steshenari yenye kompyuta moja ya mezani ya zamani. Hiyo hiyo ndiyo inachapa barua, fomu na mitihani. Unamtumia mzigo kwa basi kutoka Arusha, unashuka Karatu mjini, anaufuata huko. RAM ikigoma, nauli imeenda na siku ya kazi imeenda. Wa Kariakoo atarudi dukani kwako jioni hiyo hiyo. Wa Kansay atarudi lini? Ndiyo maana nasema kazi ya kuuliza ni ya muuzaji.

Wapo watakaosema, "Mteja ndiye anaijua kompyuta yake." Hapana. Anajua kwamba imekuwa nzito, basi. Anayeishi kwa kuuza hivyo vifaa ni wewe.

Na majina yanachanganya. Dell OptiPlex 760 inatumia DDR2, 780 inatumia DDR3. Kwa macho ni mtu na mdogo wake! HP Compaq dc7900 ni DDR2, HP Compaq 8000 Elite ni DDR3. RAM zenyewe zote zina pini 240, ila mkato wa katikati hauko sehemu moja. Ukilazimisha, unaharibu sloti.

Kabla hujapokea hela, fanya haya:

1. Omba picha ya stika ya RAM ya zamani. Azime kompyuta na achomoe waya wa umeme kabla ya kuitoa. PC2 ni DDR2, PC3 ni DDR3, PC4 ni DDR4. PC3L ni DDR3 ya volti 1.35 badala ya 1.5. Baada ya namba mara nyingi kuna herufi: U ni ya kompyuta ya mezani, S ya laptopu, R ya seva. Ya seva haiwaki kwenye kompyuta ya kawaida, hata kama imeingia vizuri.

2. Uliza modeli kamili, kisha angalia mazabodi yake inabeba GB ngapi na sloti gani iko wazi.

3. Uliza Windows yake. Ile ya kawaida ya biti 32 haivuki GB 4. Ukimuuzia 8, nusu ya hela yake imelala.

4. Jihadhari na zile RAM za bei ya chini zilizotengenezwa kwa kompyuta za AMD tu. Kwenye Intel hazikubali.

Kwenye tangazo andika aina, ukubwa, spidi na volti. Sema pia nani analipa nauli mzigo ukirudi. Ukiona hailingani, mwambie hapana, hata kama ulikuwa unaitaka hiyo hela. Vijijini watu wanaulizana: ulinunua wapi? Jibu la swali hilo ndilo tangazo lako, na huwezi kulifuta.

Wewe huwa unamuuliza nini mteja kabla ya kutuma? Tuambie kwenye komenti.